Mwaka Tuliomtafuta Vuai bin Pandu

Mwezi uliopita tulimzika Makame Vuai kule Uroa, na msichana mmoja aliyekuwa akiwapitishia kahawa wanawake akaniuliza kwa adabu, "Bibi, wewe na marehemu mlikuwa nani na nani?" Ni swali la kawaida la msibani. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu akanijibia, akakosea. Mwengine akamsahihisha, naye akakosea zaidi. Nikawaacha. Nimechoka kulieleza jambo hili. Kila nikilieleza, mtu hunikatisha katikati aniambie kuwa haiwezekani, kisha huniuliza maswali yale yale niliyoyauliza mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minane, nikiwauliza watu wasiotaka kunijibu. Basi nitaliandika mara moja, kuanzia mwanzo, na anayetaka kujua asome.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati ule watu wa Unguja walipoanza kuulizana kwa karatasi nani kazaliwa wapi, kwa sababu uchaguzi wa mwanzo ulikuwa ukikaribia na aliyetaka kupiga kura ilimlazimu athibitishe kuwa ni raia wa Sultani. Sisi hatukuwa na shida ya kura. Sisi tulikuwa na harusi. Tulikaa Mwembetanga, Ng'ambo, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na chumba cha mbele kilikuwa cha bibi yangu, Bi Mwanaidi, mama yake mama. Dirisha lake lilitazama njiani, na kutoka juu ya kitanda chake aliiendesha nyumba yote: nani kachelewa, nani kapita bila ya salamu, mchuzi wa nani unanukia kuungua. Mtaani alisifiwa kwa ujane wake. Mumewe, tuliambiwa, alikufa mwaka wa homa kubwa, mama yangu akiwa anatambaa, na tokea hapo Bibi hakuolewa tena ingawa waliomposa walikuwapo. Wanawake waliogombana na waume zao waliletwa kwake wapewe nasaha ya subira. Jina la mumewe hakulitamka. Alisema "marehemu" tu, na kila akilisema neno hilo alikunja midomo kama mtu aliyetafuna ndimu. Sisi tukidhani ni majonzi.

Makame alikuwa fundi baiskeli, kijana wa Uroa aliyekuja mjini kutafuta kazi, akiziba mipira na kunyoosha spoki katika kibanda kimoja karibu na Darajani. Baba yangu alikuwa mshoni, na baiskeli yake ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote Ng'ambo. Alimpenda Makame kwa sababu alikuwa fundi pekee aliyesema kweli kuhusu siku ya kumaliza kazi. Mimi nilimwona mara chache kupitia dirishani kwa Bibi, akiisukuma baiskeli ya Baba mpaka mlangoni na kuifuta kwa kitambaa kabla ya kubisha hodi, na nilimpenda kwa sababu zangu mwenyewe. Posa ilipokuja, nyumbani kwetu hakuna aliyeshangaa wala aliyepinga. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake tukakaa nyuma ya pazia na sahani za halua na buli la kahawa, tukisikiliza. Mzee aliyeleta posa akamtaja kijana wake kwa ukamilifu: Makame bin Vuai bin Pandu. Jirani yetu Bi Mize, aliyekuwa akikata halua, akasimamisha kisu.

"Vuai bin Pandu?" akasema. "Zuhura, si ndiye baba yako huyo?"

Mama akacheka. "Baba yangu alikufa mie natambaa, Bi Mize. Kijana huyu nimemzidi miaka kumi na zaidi. Kina Vuai wako wangapi Unguja hii?"

"Wako wengi," Bi Mize akakubali. "Lakini mie nilikuwa msichana mwaka ule. Msiba wa baba yako nnaukumbuka. Jeneza silikumbuki."

Pazia lilikuwa la kitambaa chepesi na Bi Mize hakujua kunong'ona. Kule ukumbini mazungumzo yakasita, kisha yakaendelea kwa sauti ya chini, na wageni walipoondoka Baba akaingia ndani akiwa na uso uliobadilika. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulifahamu na zito kulibeba. Ikiwa Vuai wa mjini alikufa kweli mwaka wa homa, basi Vuai wa Uroa, aliyemzaa Makame miaka mingi baadaye na ambaye sasa naye ni marehemu, ni mtu mwengine na hapana neno. Ikiwa hakufa, na Vuai hawa wawili ni mtu mmoja, basi Makame ni ndugu wa mama yangu kwa baba, ni mjomba wangu, na ndoa hiyo ni haramu isiyo na mlango wa kutokea. Baba akenda kumuuliza sheikh wetu wa msikitini. Sheikh akasema ndoa haifungwi juu ya shaka. Tukathibitishe kwanza huyo babu alikufa lini, kisha turudi.

Mtu yeyote mwenye akili angedhani kuwa shahidi tuko naye nyumbani. Nikamwendea Bibi chumbani asubuhi ya pili yake, nikakaa chini kando ya kitanda chake, nikaanza kwa upole.

"Bibi, Babu alifia wapi?"

"Alikofia."

"Na alizikwa wapi?"

"Mwaka ule watu walizikwa kila kukicha, Raya. Nani aliuliza wapi?"

"Lakini ulimwona?"

"Mize tokea udogo wake hana akili," Bibi akasema. "Nipe uraibu wangu hapo."

Nikampa. Akatafuna tambuu yake akitazama njiani, na hapo nikajua kuwa nimeshafukuzwa. Nilirudi kesho yake na kesho kutwa. Mara kichwa kinamuuma, mara anataka kusali, mara ananiuliza mimi kama msichana anayekwenda kuolewa ana adabu gani ya kumhoji mkubwa kama askari. Mama alimwonea huruma. "Mwache," aliniambia. "Unamchokonoa kidonda." Basi mimi na Mama, mmoja akiwa na huruma na mwengine akiwa na hasira, tukavaa mabuibui yetu tukavuka kwenda mjini kumtafuta babu yangu katika vitabu vya serikali.

Ofisi ile ilikuwa chumba cha chini cha nyumba kubwa ya mawe, chenye madirisha ya nondo na harufu ya karatasi zilizoshika unyevu. Nje kulikuwa na benchi refu, na benchi hilo lilijaa watu waliokuwa wakitafuta wazee wao kwa ajili ya mambo ya kura, kila mmoja akimhadithia mwenzake habari za babu yake hata ungedhani mababu wenyewe wamo ndani wanasubiri kuitwa. Karani alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani na kanzu iliyopigwa pasi vizuri, mpole mno, na upole wake ndio uliokuwa ukinipandisha hasira. Alituuliza mwaka. Tukamwambia mwaka wa homa. Akasema homa hiyo ilipita katika vitabu viwili vizima. Alituuliza mwezi. Hatuujui. Alituuliza mtaa, na nani aliyepeleka habari ya kifo. Hatujui. Akavua miwani akaifuta.

"Mama yangu," alimwambia Mama, ingawa walikuwa rika moja, "mimi nnaandika waliokufa. Kuwatafuta si kazi niliyoajiriwa."

"Basi tutatafuta wenyewe," nikasema. "Mie nnajua kusoma."

Akanitazama kwa muda, akaona kuwa sitoondoka, akatuwekea kitabu cha kwanza juu ya meza ndogo penye pembe ya chumba. Nilifurahi, mjinga mimi. Majina hayakupangwa kwa herufi wala kwa mitaa. Yalifuatana kama habari zilivyofika, kifo juu ya kifo, na walioyaandika walikuwa wageni walioyasikia majina yetu kwa masikio yao. Vuai aliandikwa Vuwai, na Wuwai, na mara moja Fuad iliyokatwa. Pandu alikuwa Mpandu na Bandu. Nilimkuta Vuai mtoto mchanga, na Vuai mzee aliyeanguka mnazini, na Vuai asiye na jina la baba. Kila nilipomwona mmoja moyo uliruka, na kila nilipousoma mstari mpaka mwisho nikakuta si yeye. Mama, ambaye hakujua kusoma herufi za kizungu, alikaa pembeni yangu akinitazama kidole kinavyoshuka, na kila kikisimama alishika pumzi. Adhuhuri karani alifunga. Tukaambiwa turudi wiki ya pili, wiki ya pili tukaambiwa kitabu kiko kwa mkubwa, kisha kikarudi kitabu, akaondoka karani. Tukamaliza kitabu cha kwanza mwezi wa Rajabu ukiingia. Niliupitisha mfungo mzima nikiota majina ya watu waliokufa.

Baada ya Sikukuu, Baba akasema tujaribu upande wa pili: tujue Makame kazaliwa lini na baba yake alikuwa nani. Mimi na Mama tukapanda gari la shamba mpaka Uroa. Sheha wa Uroa alitupokea vizuri na kutuambia kuwa kitabu cha zamani kilinyeshewa mvua kabla ya wakati wake, na kwamba hata hivyo watu wa pale walikuwa hawaoni sababu ya kumwandika mtoto ambaye kila mtu anamwona. Akatuonesha nyumba ya mama yake Makame, Bi Kazija. Naye alitupokea kama wakwe, akatutandikia mkeka mpya, akatupakulia muhogo wa nazi na pweza mkavu, na tulipomuuliza Makame kazaliwa mwaka gani alijibu bila ya kusita: mwaka ule papa mkubwa alipoingia katika uzio wa samaki. Nikamuuliza papa huyo aliingia mwaka gani. Akaniambia ndio huo huo aliozaliwa Makame. Nikatia tonge la muhogo kinywani nisiseme neno baya.

Mama yeye hakuuliza mwaka. Aliuliza, taratibu, "Na marehemu mume wako, alikuwa wa hapa hapa?"

"Wa hapa hapa," Bi Kazija akasema. "Alipata kukaa mjini ujanani mwake, akichukua mizigo forodhani. Hakuwa mtu wa maneno. Nilikuwa nikimwambia twende mjini siku moja tukatembee, tukamwone mtu yeyote unayemjua. Akisema hana mtu kule."

"Hana mtu," Mama akarudia.

"Ndivyo alivyokuwa akisema. Kula, mwanangu, muhogo unapoa."

Babu yangu naye alikuwa mchukuzi wa forodhani, hilo ni moja katika machache tuliyoyajua. Lakini nusu ya wanaume wa pwani ile walipata kuchukua mizigo forodhani, na hili nililisema kwa nguvu njia nzima ya kurudi, nikiligeuza huku na huku, wakati Mama ametazama minazi inavyopita na hajibu. Nilikasirika naye pia. Mwaka ule nilikuwa na hasira ya kumtosha kila mtu.

Tukarudi ofisini, kwenye kitabu cha pili, na huko, nikiwa nimeshaacha kutegemea, kidole changu kikasimama. Vuai bin Pandu. Mwanamme. Umri kiasi cha miaka thelathini. Mchukuzi. Mkaazi wa Ng'ambo. Kafia hospitali, kwa homa. Niliusoma mstari ule kimya, nikausoma tena kwa sauti ya chini, na mara ya tatu nikamsomea Mama. Yeye aliweka kiganja chake juu ya ukurasa, akakiacha pale mpaka karani akaja kumwambia, kwa upole wake ule ule, kuwa wino wa zamani hautaki jasho. Akatunakilia cheti, akakipiga muhuri. Mama alikikunja ndani ya leso yake, na tulipofika nyumbani hakukitoa kumwonesha Baba mpaka alipokwishanawa na kuswali. Alikuwa hajapata hata siku moja kushika kitu chochote cha baba yake.

Nyumba ikachangamka. Sheikh alikitazama cheti akasema, inatosha. Bi Mize akaja kuomba radhi na sinia la vitumbua. Siku ya ndoa ikapangwa, Makame akapeleka habari kwao, na Baba akaanza kushona. Mtu mmoja tu hakuchangamka. Nilipokwenda chumbani kwa Bibi na cheti mkononi kumsomea, nikiwa na ushindi moyoni, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Wameandika jina la mama yake?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Haya," akageukia dirishani.

Kisha Mama akataka khitma. Alisema baba yake hakupata kusomewa kwa siku yake kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana, na sasa inajulikana. Wanawake wakajaa nyumba nzima, wakasoma, wakaomba dua wakilitaja jina: Vuai bin Pandu, Mola amsamehe, Mola ampanulie kaburi lake. Mama alilia kwa kwikwi kama mtoto. Mimi nilikuwa nikitazama sufuria za pilau huko uwani, na kila nikipita ukumbini nilimwona Bibi amekaa pembeni, juzuu imefunguka mapajani na ukurasa haugeuki. Watu walimpa mkono wakimwambia ndiye mke wa peponi. Alitoa mkono wake akautazama kama wa mtu mwengine. Chakula hakukigusa.

Siku chache baada ya hapo nilikuwa katika chumba cha nyuma nikisuguliwa singo, ule mchanganyiko wa manjano wa kulainisha ngozi ya bibi harusi. Somo wangu, kungwi aliyenifunda, alikuwa ameshanipaka mwili mzima, rangi ya manjano kuanzia shingoni mpaka vidoleni, nanukia liwa na mawaridi, wakati Bibi alipoingia. Yeye haingii vyumba vya watu. Watu huenda kwake. Akamwambia somo atoke nje kidogo. Akakaa juu ya kibao, akaupanga ukaya wake kichwani.

"Yule wa kwenye karatasi si yeye," akasema.

"Nani si yeye?"

"Vuai. Yule aliyefia hospitali simjui, Mungu amrehemu. Mume wangu mimi hakufa mwaka ule."

Nilibaki nimekaa. Sikuwa na nguo mwilini ila kanga moja kuukuu, na singo ilikuwa inaanza kukauka na kunivuta ngozi, na katika hali hiyo nikasikia yale ambayo nilikuwa nikiyatafuta mwaka mzima.

"Alitaka tuhamie kwao Uroa," Bibi akasema. "Mie mtoto wa mjini, nende Uroa nikasokote kamba za makumbi. Nikakataa. Akasema basi atatangulia, akatangulia. Haukupita muda akaleta mtu na samaki wakavu, ati nifunge mizigo nije na mtoto. Siku hiyo Zuhura ana homa, ndani hamna unga, na njiani majeneza yanapishana. Nikasimama mlangoni nikamwambia yule mtu, rudi ukamwambie aliyekutuma kuwa mume wangu mie kashakufa. Kwa hasira, Raya. Mama yake Mize alikuwa anapita. Akasikia neno la mwisho."

"Ukamwacha aamini hivyo?"

"Alishapiga ukemi wa msiba kabla sijafunga mlango. Mwaka ule mtu alikuwa hahitaji kuuliza kafaje. Wakaja na mikeka, wakanikalisha, wakanifunika. Nikasema ntawaambia kesho. Kesho wakaja na ubani na wali. Nikasema ntawaambia watakapoondoka. Hawakuondoka."

"Ukakaa eda."

"Yote. Sikupunguza hata siku."

"Kwa mtu aliye hai, Bibi."

"Nilijua atarudi. Atakaporudi, ntasema nililetewa habari ya uongo. Hakurudi. Na hakuniacha kwa talaka. Ningeolewaje na mume nnaye?"

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza hata leo bila ya kuisikia tena kifuani. Nikamwambia nimekwenda ofisi ile mpaka karani ananijua kwa viatu. Nikamwambia amenitazama nikienda na kurudi, amemwona mtoto wake akimlilia mtu asiyemjua, na alikuwa anajua.

"Nilidhani hamtopata kitu," alisema. "Mtachoka, ndoa itavunjika yenyewe kwa shaka, na mie ntakufa na langu. Sikujua kama kulikuwa na mwengine." Akainuka, akashika ukuta. "Ningeweza kunyamaza. Mambo yote yako tayari. Lakini nikikutazama umekaa hivyo, siwezi."

Nilitaka kumwambia kuwa hilo pekee halimpi sifa yoyote. Sikumwambia. Nilimwita somo, nikamtaka anioshe.

Bibi akamwambia Baba, na Baba akatuma mtu kumwita sheikh, na Makame akaitwa. Bibi alitaja jina la mama yake Vuai, na la dada yake, na alama ya kuungua aliyokuwa nayo begani, na Makame, amekaa ukumbini na kofia yake mkononi, alijibu kila moja kuwa ni kweli. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia lile lile. Mwisho nikamsikia akimwambia Baba, "Basi mie ni mjomba." Baba akasema ndiyo. Vitu vya posa vikarudishwa. Mtaani yalisemwa ya kusemwa, na walioyasema kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale wanawake waliopewa nasaha ya subira. Bibi akamuuliza sheikh kama anadaiwa eda ya kifo cha kweli. Sheikh akamwambia eda huhesabiwa tokea siku ya kifo chenyewe, na hiyo imeshapita zamani. Bibi akafunga dirisha lake. Mama naye akaacha kusema naye. Alimpikia, alimfulia, alimtilia maji ya kuoga, kila kitu kwa wakati wake, wala neno moja halikutoka. Aliambiwa hana baba, na baba alikuwa upande wa pili wa kisiwa mpaka yeye mwenyewe kaolewa na kuzaa. Cheti alikirudisha kwa karani, labda mtu huyo ana wenyewe wanaomtafuta. Mimi niliishi baina ya wanawake wawili wasiosemezana, nikipeleka maneno kutoka chumba hiki mpaka kile. Mwambie bibi yako chakula tayari. Mwambie mama yako chumvi haikukolea. Kuna siku nilikaa jikoni nikatamani ningeolewa na yeyote, hata yule karani.

Mwaka ulikuwa unakwisha Makame alipokuja, na hakuja peke yake. Alikuja na mama yake. Bi Kazija alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja chumba cha mbele, akasema, "Shikamoo, dada."

Bibi akamtazama kutoka kitandani. Mwanamke huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. "Marahaba," akasema. "Karibu, mke mwenzangu. Fungua dirisha hilo tuonane."

Wakakaa pamoja. Niliamrishwa nipike, nikapika, na nilipokuwa nikiingia na kutoka na sahani niliyasikia yaliyosemwa vipande vipande. Bibi aliuliza marehemu alikufa kwa nini. Miguu ilimvimba, Bi Kazija akasema, akalala muda mrefu. Aliuliza nani alimuuguza. "Mie," Bi Kazija akasema, na Bibi akamwambia ahsante, neno ambalo sikupata kumsikia akilitoa kwa mtu.

"Kuna jambo ntalisema, wala usinichukulie vibaya," Bi Kazija akasema. "Kila nikimwambia twende mjini, alikuwa akijibu, siendi, mie mjini nshakufa. Miaka yote hiyo nilidhani ni maskhara yake."

Niliona mabega ya Bibi yanatetemeka nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila ya sauti, ukaya umeuziba mdomo wake, mpaka Bi Kazija naye akaambukizwa, na wake wawili wa mtu mmoja wakawa wanafutana machozi juu ya kitanda kile, wakianza kuhadithiana habari zake: alivyokuwa mbishi, alivyokuwa hali samaki mwenye miba mpaka achambuliwe. Mimi nimesimama na bakuli la mchuzi. Nilipoteza mchumba na mwaka mzima kwa ajili ya ubishi wa Bibi na marehemu wake, na hakuna aliyegeuka hata kunitazama ila kuniambia nilete na ndimu.

Nikatoka kwenda kutafuta ndimu. Mama hakuwamo chumbani. Alikuwa ukumbini na Makame, wamesimama karibu na mlango wa nje kama watu wasiojua wakae wapi. Alikuwa hajapata kuzungumza naye tokea siku posa ilipovunjika.

"Sauti yake ilikuwaje?" Mama alikuwa anamuuliza.

"Nzito," Makame akasema. "Ya kukwaruza kidogo. Akiita mtu alikuwa akivuta mwisho wa jina, hata ukiwa ufukweni unasikia."

"Unaweza kuita hivyo?"

"Hunambia hivyo watu, kwamba naita kama yeye. Nimwite nani?"

"Niite mie," Mama akasema.

Makame akaona haya. Alikuwa ni dada yake mkubwa, na mtu hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu. Alitazama chini, akakohoa, kisha akainua uso akaita, kwa sauti ambayo haikuwa yake, nzito, imevutwa mwishoni, "Zuhura."

Chumbani kwa Bibi mazungumzo yakakatika ghafla. Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Naam," akaitika.